Dawa ya Bismuthi: Choo Cheusi, Vidonda vya Tumbo na Mambo ya Kuuliza Kemisti

Mtu mzima aliyekuwa akiendesha tangu usiku anaingia kemisti asubuhi, anaeleza shida yake na kutoka na chupa ya dawa ya rangi ya waridi. Anakunywa siku nzima kama alivyoelekezwa. Kesho yake tumbo limetulia, lakini akijitazama kwenye kioo anaona ulimi umekuwa mweusi kama wa mtu aliyelamba makaa. Akienda chooni, choo nacho ni cheusi. Hofu inaingia. Kuna wanaokimbilia hospitalini wakidhani wanavuja damu ndani, na kuna wanaoificha habari hiyo kwa aibu.

Mara nyingi hakuna hatari yoyote. Lakini kosa la upande wa pili lina gharama kubwa zaidi. Mgonjwa mwenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kweli anaona choo cheusi, anakumbuka kwamba wiki iliyopita alikunywa dawa ya tumbo, na anakaa nyumbani akisema ni dawa tu. Ndiyo sababu inafaa kila mkaazi aielewe dawa hii: imetengenezwa na nini, inafanya nini tumboni, na ni nani hapaswi kuimeza.

Kilichomo ndani ya chupa

Jina la dawa yenyewe ni bismuthi subsalisilati. Kwenye pakiti na chupa huandikwa kwa Kiingereza, bismuth subsalicylate, na hilo ndilo jina la kutafuta kwenye orodha ya viungo, kwa sababu majina ya biashara ni mengi na hubadilika. Katika hali yake ya kawaida ni unga mweupe usio na harufu na ambao karibu hauyeyuki kabisa majini. Ndiyo maana dawa ya maji lazima itikiswe vizuri kabla ya kunywewa. Isipotikiswa, unga hubaki chini ya chupa na mgonjwa hunywa maji matamu tu. Ile rangi ya waridi ni rangi iliyotiwa kiwandani, haihusiani na dawa yenyewe.

Unga huo una sehemu mbili zilizoungana. Kwa uzito, karibu gramu 58 katika kila gramu 100 ni bismuthi, ambayo ni metali. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni salisilati, ndugu wa karibu wa aspirini. Msomaji akishika jambo moja tu katika makala haya, ashike hilo la aspirini, kwa kuwa ndilo chanzo cha maonyo mengi yanayofuata.

Bismuthi ni elementi namba 83, jirani wa risasi kwenye jedwali la elementi. Ni metali nzito, inayovunjika kwa urahisi, yenye rangi ya fedha iliyochanganyika na uwaridi kidogo. Huyeyuka kwenye nyuzi 271 za Selsiasi, na ikiganda hutanuka badala ya kusinyaa, tabia ambayo ni metali chache tu zinazo. Zamani watu waliichanganya na risasi na bati hadi mwaka 1753, Mfaransa Claude Geoffroy alipoonyesha kwamba ni metali tofauti. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa waligundua kuwa ina mnururisho, ila hafifu mno: muda wa nusu ya atomu zake kubadilika ni zaidi ya mara bilioni moja ya umri wa ulimwengu. Mgonjwa asijisumbue na hilo.

Cha kushangaza ni upole wake. Majirani zake kwenye jedwali, yaani risasi, zebaki, aseniki na antimoni, ni sumu zinazojulikana. Wakaazi wa Owino Uhuru kule Mombasa hawahitaji kuelezwa madhara ya risasi. Bismuthi, ikitumika kwa kiasi na kwa muda mfupi, haina ukali huo, na sababu kubwa ni kwamba misombo yake haiyeyuki vizuri. Chini ya sehemu moja katika mia ya bismuthi inayomezwa ndiyo huingia kwenye damu. Iliyobaki hupita kwenye utumbo na kutoka na choo.

Inavyotengenezwa

Ni machimbo machache sana duniani yanayochimbwa kwa ajili ya bismuthi peke yake. Nyingi hupatikana kama mabaki wakati wa kusafisha madini mengine, hasa risasi, shaba na tangsteni, na China ndiyo mzalishaji mkubwa. Katika njia moja, kalsiamu na magnesiamu hutiwa kwenye risasi iliyoyeyushwa. Hizo hushikana na bismuthi na kuelea juu kama povu la chungu, kisha huopolewa na kusafishwa zaidi.

Kiwandani, metali safi huyeyushwa kwenye asidi ya nitriki, halafu huchanganywa na salisilati ya sodiamu hadi unga mweupe utengane na maji. Unga huo huchujwa, huoshwa na kukaushwa. Hatua hizi ni fupi kuzieleza, lakini usafi wake ndio unaotofautisha dawa na sumu. Kwa kuwa metali yenyewe imetoka kwenye risasi, viwango vya dawa huweka kikomo cha chini sana cha risasi na aseniki inayoweza kubaki. Hapo ndipo penye ubaya wa kununua dawa ya tumbo kwa mchuuzi wa stendi au sokoni, isiyo na jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Hakuna anayejua kama unga uliomo ulipimwa. Kemisti halali huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani, na mteja ana haki ya kuiangalia.

Ajabu ni kwamba ingawa dawa hii imemezwa kwa zaidi ya karne moja, wanasayansi hawakujua jinsi atomu zake zilivyopangana hadi mwaka 2022. Punje zake ni ndogo na zenye kasoro mno kwa vipimo vya kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walitumia miale ya elektroni na kukuta imejengeka kwa tabaka, moja juu ya jingine.

Inavyofanya kazi, na kwa nini choo huwa cheusi

Ikifika tumboni hukutana na asidi na kugawanyika. Salisilati hunyonywa na kuingia kwenye damu karibu yote. Bismuthi hubaki tumboni na kwenye utumbo, ambako hutanda juu ya sehemu zilizochubuka, hudhoofisha baadhi ya bakteria na sumu zao, na pamoja na salisilati hupunguza maji yanayomwagika ndani ya utumbo. Ndiyo maana husaidia kichefuchefu, kiungulia, tumbo kujaa gesi na kuhara kusikokuwa kukali. Kwa wasafiri wanaoharishwa na maji na vyakula vya ugenini, tafiti zimeonyesha kwamba kuimeza mapema hupunguza uwezekano wa kuugua kwa karibu nusu.

Weusi nao hutokea hivi. Mate na utumbo huwa na kiasi kidogo cha salfa, ile inayoipa hewa ya tumbo harufu ya yai viza. Bismuthi ikikutana na salfa hutengeneza bismuthi salfaidi, ambayo ni nyeusi tii. Ikitokea kinywani ulimi huwa mweusi, na ikitokea utumboni choo huwa cheusi. Haina madhara, na huisha siku chache baada ya kuacha dawa.

Choo cha damu kutoka tumboni ni kitu kingine. Huwa cheusi, lakini pia hung'aa, hunata kama lami na huwa na harufu mbaya isiyo ya kawaida. Mara nyingi mgonjwa huona kizunguzungu akisimama, moyo humwenda mbio, hutokwa jasho baridi au huishiwa nguvu. Anaweza kutapika damu, au matapishi yanayofanana na masimbi ya kahawa. Mtu mwenye dalili mojawapo ya hizo apelekwe hospitalini mara moja, hata kama jana alikunywa dawa ya bismuthi. Vilevile, mtu ambaye choo chake ni cheusi na hajanywa bismuthi wala vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo hugeuza rangi ya choo, asingoje. Na asiyeweza kutofautisha aende kituo cha afya apimwe choo. Kipimo hicho si kigumu, na hakuna mhudumu atakayemcheka.

Watoto: hapa pasiwe na mzaha

Dawa hii ni ya watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 12. Haipewi mtoto mdogo anayeharisha. Inasikitisha kwamba chanzo chake ni watoto: mwanzoni mwa karne ya 20 nchini Marekani, dawa ya aina hii ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga waliokuwa wakifa kwa kuhara. Ujuzi umebadilika tangu wakati huo.

Sababu ya kwanza ni salisilati. Kama aspirini, imehusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini huvimbisha ubongo na kuharibu ini la mtoto au kijana aliye na virusi au anayepona, hasa mafua makali na tetekuwanga. Kwa hiyo hata kijana wa miaka 14 au 16 aliye na mafua au tetekuwanga asipewe. Akianza kutapika mfululizo na kubadilika tabia, awe mkali bila sababu au asinzie kupita kiasi, hiyo ni dharura.

Sababu ya pili ni nzito kwa namna yake. Mtoto anayeharisha hafi kwa sababu ya choo chenyewe. Anakufa kwa kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Mzazi anayetafuta dawa ya kufunga tumbo anapoteza saa ambazo zingetumika kumrudishia mtoto maji. Tiba ya mtoto ni ORS, iliyochanganywa kwenye kipimo cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, wala si kwa kukisia, na apewe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Pamoja na ORS apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyepita miezi sita, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Akitapika, mama asubiri dakika kama 10 kisha aendelee polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula.

Mtoto ambaye macho yamedidimia, aliyelegea, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliye na damu kwenye choo au ambaye hajakojoa kwa saa nyingi, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Njiani aendelee kupewa ORS ikiwa anaweza kumeza. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kumsaidia mzazi kuanza tiba na kumwelekeza.

Watu wazima wasiopaswa kuimeza

Asiyepatana na aspirini asiiguse. Vivyo hivyo mwenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, mwenye tatizo la damu kutoganda na anayekunywa warfarini, kwa kuwa salisilati huzidisha hatari ya kuvuja damu. Wenye ugonjwa wa figo, wanaotumia dawa za kisukari, za jongo au methotreksati waulize kwanza. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao wapate ushauri wa kliniki kabla. Katika miezi ya mwisho ya mimba salisilati inaweza kumdhuru mtoto na kumfanya mama avuje damu wakati wa kujifungua.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ina takriban miligramu 524 za dawa, na kikomo ni dozi 8 kwa saa 24, kwa muda usiozidi siku 2. Aliyefika kikomo hicho amemeza takriban gramu 1.6 za salisilati. Hiyo ni zaidi ya inayopatikana kwenye vidonge 5 vya aspirini vya miligramu 300. Sasa afikiriwe mtu ambaye kichwa kinamuuma kwa sababu ya kuhara, na juu ya dawa ya tumbo anaongeza vidonge vya maumivu vya dukani ambavyo navyo vina aspirini. Masikio yakianza kulia kama nzi au mlio wa filimbi, kipimo kimezidi. Aache dawa na kumwona daktari. Kwa maumivu au homa katika hali hiyo, parasetamoli hufaa zaidi.

Bismuthi pia hushikana na baadhi ya antibayotiki tumboni, kama vile doksisaiklini na siprofloksasini, na kuzizuia zisiingie mwilini. Mgonjwa anayepewa dawa hizo kwa ajili ya ugonjwa mwingine atahitaji kutenganisha saa za kumeza, kwa jinsi mfamasia atakavyompangia. Na kama kuhara kuna homa kali, damu au makamasi, hii si dawa yake. Kuhara kunakofanana na maji ya mchele, kwa wingi na kwa ghafla, kunaweza kuwa kipindupindu. Mgonjwa huyo anahitaji ORS papo hapo na kufikishwa kituoni, na majirani waarifiwe.

Somo kutoka Ufaransa

Upole wa bismuthi una mwisho wake. Katika miaka ya 1970 Wafaransa wengi walikuwa na mazoea ya kumeza chumvi za bismuthi kila siku, kwa miezi na hata miaka, ili kutibu matatizo ya choo. Karibu watu 1,000 walipatwa na ugonjwa wa ubongo: walianza kuyumba, mikono ikatetemeka na kurukaruka yenyewe, usemi ukaharibika, akili zikachanganyika. Zaidi ya 70 walifariki. Wengi wa waliopona walipona kwa sababu moja tu, kwamba waliacha kumeza. Dawa iliyokuwa ikitumika sana huko haikuwa subsalisilati bali chumvi nyingine za bismuthi, lakini kilichowaponza ni muda na wingi. Kikomo cha siku 2 kwenye pakiti hakikuwekwa kwa kupendezesha maandishi. Mtu ambaye tumbo linamsumbua wiki baada ya wiki hahitaji chupa ya tatu. Anahitaji kupimwa.

Vidonda vya tumbo na bakteria aliyedharauliwa

Wengi bado husema alsa huletwa na mawazo, pilipili au kukaa na njaa. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth nchini Australia, walifaulu kukuza maabarani bakteria anayeishi ndani ya tumbo la binadamu, ambaye sasa huitwa Helikobakta pailori. Marshall, alipoona haaminiwi, alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na akaugua tumbo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Bakteria huyo ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, akifuatwa na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa ovyo. Asipotibiwa anaweza pia kuchangia saratani ya tumbo.

Hapa ndipo bismuthi inaporudi kwa heshima. Bakteria huyu amezoea baadhi ya antibayotiki katika sehemu nyingi za dunia, lakini bismuthi bado humwathiri. Kwa hiyo madaktari huichanganya na dawa nyingine tatu, kwa kawaida dawa ya kupunguza asidi, metronidazoli na tetrasaiklini, kwa siku 10 hadi 14. Siku hizo zinapita zile 2 za kwenye pakiti, na tetrasaiklini ni mojawapo ya zile zinazoshikana na bismuthi, lakini katika tiba hii kazi yake kubwa iko ndani ya tumbo lenyewe. Huo ni mpango wa daktari, mwenye vipimo na tarehe ya kumaliza. Mtu asiuigize nyumbani kwa kuokoteza vidonge vya jirani. Na aliyeandikiwa amalize vyote, hata kama maumivu yameisha siku ya nne. Anayeachia njiani humwacha bakteria aliyekwisha kuonja dawa.

Kenya ina historia yake na metali hii. Katika miaka ya 1920, kabla ya penisilini, serikali ya kikoloni ilitumia sindano za chumvi za bismuthi kutibu buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa uliowatesa watu vijijini. Zilikuwa nafuu kuliko dawa za aseniki, vidonda vilikauka upesi, na watu walizifuata kwa wingi. Penisilini ilipokuja sindano hizo zikaachwa.

Mahali pengine inapotumika

Bismuthi iko karibu na watu kuliko wanavyodhani. Ule mng'ao wa lulu kwenye rangi za kucha na poda za uso mara nyingi ni bismuthi oksikloridi. Mchanganyiko wake na metali nyingine huyeyuka kwenye joto dogo, mwingine hata nyuzi 70 tu, na ndiyo maana hutumika kwenye vizibo vya mabomba ya kuzimia moto kwenye majengo: moto ukipasha kizibo, kinayeyuka na maji yanamwagika yenyewe. Mafundi huitumia badala ya risasi kwenye baadhi ya viungo vya mabomba ya maji. Katika siku za mwanzo za eksirei, wagonjwa walimezeshwa chumvi ya bismuthi ili tumbo lionekane kwenye picha, kwa kuwa metali hiyo nzito huzuia miale. Baadaye bariamu salfeti ilichukua nafasi hiyo. Hadi leo, aliyemeza dawa ya bismuthi amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha ya tumbo.

Kuhifadhi, na mtoto akimeza

Chupa ikae mahali pa juu, pakavu, pasipo na jua kali, na ifungwe vizuri. Rangi ya waridi na ladha tamu huwavuta watoto, kwa hiyo isiachwe kwenye meza au kando ya kitanda, na isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Ikipita tarehe yake irudishwe kwa mfamasia, isimwagwe mtoni wala kutupwa jalalani watoto wanapochezea.

Mtoto akikutwa ameinywa, asilazimishwe kutapika wala kupewa maziwa mengi kwa imani kwamba yanakata sumu. Apelekwe hospitali iliyo karibu pamoja na chupa yenyewe, na mzazi aeleze ilikuwa imebaki kiasi gani, sasa imebaki kiasi gani, na mtoto ana kilo ngapi. Daktari atahitaji majibu hayo matatu ili kukadiria salisilati iliyoingia mwilini. Kupumua haraka kuliko kawaida, kutapika, usingizi mzito na joto la mwili kupanda ni dalili za kutajwa mara tu wanapofika, kabla hata ya kuandikishwa.